Ukurasa wa Laini ya Umeme

Mbunge niliyemfanyia kazi alikuwa na msimamo juu ya kila kitu kinachoota, kinachochimbwa na kinachotiririka, na kila msimamo ulikuwa na ukurasa wake. Kurasa hizo zilikaa katika faili moja la kompyuta, na kazi yangu ilikuwa kuzijua. Hakuwa wa lile bunge kubwa la taifa. Alikuwa wa bunge la jimbo, linalokaa Sydney, na waliomchagua walikuwa wakulima wa ngano na wafugaji wa kondoo, mwendo wa kutwa nzima kwa gari kutoka mjini. Mimi nilikuwa karani katika ofisi yake ya mjini. Mwananchi akipiga simu, natafuta ukurasa unaohusika, namjibu kwa adabu, naandika alichosema.

Ukurasa wa maji ulisema mabwawa yaongezwe. Ukurasa wa miti ulisema mkulima aliyezaliwa kwenye ardhi yake haambiwi na mtu wa mjini mti upi akate na upi aache. Ukurasa wa hifadhi ulizilaumu kuwa ni jirani mbaya, zinazoleta magugu na moto kisha hazichangii hata uzio. Mimi nilikuja nchi hii kusomea mipango ya ardhi nikitokea Lushoto, milimani, ambako tumeona vijito vikikauka kwa sababu ya miti iliyokatwa, na miezi ya kwanza nilikuwa nikizisoma kurasa zile nimekunja uso. Nilimwona mtu wa kupinga tu. Halafu nikafika ukurasa wa gesi. Miaka kadhaa nyuma kampuni moja ilitaka kutoboa visima vya gesi katika mashamba ya udongo mweusi, na yeye, ambaye wakati huo hakuwa mbunge, alikaa kwenye mageti ya watu pamoja na wakulima wenzake na matrekta yao mpaka mitambo ikarudi ilikotoka. Kwenye ukurasa ule aliandika kwamba mwenye ardhi lazima awe na haki ya kukataa. Hapo nikamheshimu, na sijaacha.

Ukurasa mmoja tu ulikuwa karibu mtupu. Ulihusu laini mpya ya umeme mkubwa, minara ya chuma mirefu kuliko ghorofa, ambayo ingekatiza eneo lake kuuchukua umeme wa jua na wa upepo kutoka bara na kuuleta mijini. Kwa miezi mingi ukurasa ule ulikuwa na sentensi moja: Mheshimiwa anaendelea kuwasikiliza wananchi.

Kisha tukafungiwa. Ulikuwa mwaka wa pili wa korona, wakati wa baridi, na sisi wa magharibi ya Sydney ndio tuliobanwa zaidi. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya Guildford, mtaa wetu, mchana kutwa, na wanajeshi walikuwa wakigonga milango kuhakikisha wagonjwa wako ndani. Mheshimiwa alibaki shambani kwake, mimi nikabaki kwenye fleti yangu, na simu ya ofisi ikaelekezwa kwenye simu yangu ya mkononi. Meza ya jikoni ikawa bunge. Nilikuwa nikiishi na dada mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu, aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya wazee kule Lidcombe. Yeye alikuwa na kibali cha kutoka. Alikuwa akirudi jioni na alama ya barakoa usoni, anavua viatu nje ya mlango, anaoga kabla hajanisalimia.

Miongoni mwa waliopiga simu alikuwapo mama mmoja mjane, mwenye umri wa karibu miaka themanini, mfugaji wa kondoo. Alipiga kila Jumanne asubuhi akishamaliza kulisha mbwa wake. Alikuwa ananiita *love*, neno ambalo wazee wa huku humwitia hata muuza mikate, lakini mimi lilinigusa kila mara. Tulizungumza Kiingereza, bila shaka, ila nikimkumbuka leo namsikia kwa Kiswahili, na naona ni kwa sababu nilimjibu kama ninavyomjibu mtu mzima wa kwetu. Humo ndimo nilimoharibu.

Shida yake aliieleza bila kupindapinda. Kwenye ramani ya awali ile laini ilipita juu ya shamba lake, kati ya nyumba na zizi la kondoo. Hakuwa na ugomvi na jua wala upepo. Marehemu mumewe alikuwa ameweka paneli juu ya paa kabla majirani hawajajua ni kitu gani. Alichoogopa ni moto. Kiangazi kile kibaya kilichotangulia korona, moto ulishuka mlimani mpaka kwenye uzio wake, na kilichoiokoa nyumba ni ndege ndogo iliyopita chini kabisa ikamwaga maji mara tatu. Yeye alikuwa amesimama barazani na taulo lenye maji kichwani, akiona tumbo la ndege. Rubani alimwambia baadaye kwamba pangekuwa na nyaya pale, asingethubutu kushuka. Mama yule alitaka kitu kimoja: minara isogezwe nyuma ya kilima. Akisema hivyo alikuwa anatua kidogo, kisha anaongeza kwamba mumewe alikaa kwenye mageti pamoja na Mheshimiwa wakati wa gesi, na kwa hiyo anajua Mheshimiwa hatawaacha.

Jumatatu moja ukurasa mtupu ukajaa. Mheshimiwa aliuandika mwenyewe, nilimjua kwa sentensi zake fupi. Alikuwa ameamua kuiunga mkono laini. Mitambo ya makaa ya mawe imezeeka, aliandika, na jua ni zao ambalo halingoji mvua. Wakulima wengi wa eneo lake walikuwa wameumizwa na ukame na walitaka pesa za kukodisha mashamba yao yawekwe paneli, na bila laini hakuna paneli. Wale wanaopitiwa na minara walipwe kila mwaka, si mara moja. Lakini kuhusu wapi hasa ipite, yeye hataingilia, maana hawezi kuchagua kati ya jirani na jirani. Kila mwenye shamba awaandikie wenye mradi mwenyewe, kwa jina lake, kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Asiyeandika hatasikilizwa.

Baada ya kunitumia ukurasa akanipigia simu. Alijua nani atapiga kesho yake.

“Mwambie wazi,” alisema. “Mwambie siko upande wake kwenye hili, na aandike haraka. Mtu wa shamba hapendi kuzungushwa. Ukiona vigumu, niambie, nitampigia mimi.”

“Wala usijali,” nikamwambia. “Nitamwambia.”

Nilitaka kuonekana naiweza kazi. Hilo nalisema kwa sababu baadaye nilijaribu kujisingizia mengine.

Jumanne simu ikaita. Mama yule alianza na baridi, akaja kwa mbwa aliyekuwa anachechemea, akaja kwa bintiye aliyekuwa anaishi huku kwetu Sydney na ambaye asingeweza kwenda kumwona kwa sababu hakuna wa Sydney aliyeruhusiwa kutoka. “Wiki hii nimeongea na watu wawili,” alisema. “Daktari wa mbwa na wewe.” Nilikuwa na ukurasa mbele yangu kwenye kompyuta. Niliufungua, nikausoma tena, nikatafuta pa kuanzia, na kila nilipopaona, mdomo ulikataa.

Akaniuliza, “Basi Mheshimiwa anasemaje kuhusu laini?”

“Analijua suala lako vizuri sana,” nikasema. “Atalifanyia kazi.”

“Kwa hiyo nisihangaike kuandika? Macho yangu siku hizi hayanisaidii sana.”

“Usijisumbue, mama. Pumzika.”

Hayo ndiyo niliyosema. Ninayakumbuka yote kama yalivyo, sijayapunguza.

Niseme kwa nini, ingawa sababu haimrudishii mtu kitu. Kwetu mtu mzima hakatwi kauli. Nikiwa mdogo baba yangu mdogo alikuja nyumbani kumwomba baba kipande cha shamba chenye migomba, kile cha karibu na kijito. Baba alikuwa ameshaamua kutompa. Lakini hakusema hapana. Alisema, “Tutazungumza, ndugu yangu,” akamwongezea mboga kwenye sahani. Baba mdogo alikula, akashukuru, akaenda zake, na hakukitaja tena kipande kile mpaka baba alipofariki. Mwezi uleule aliokuja kwetu alikwenda kuomba kwa mtu mwingine. Alikuwa ameelewa palepale, na hakuna aliyeaibika. Nimekulia katika lugha hiyo. Ukiambiwa suala lako litafanyiwa kazi, na aliyekwambia akakwepa kutaja lini na vipi, unajua mlango umefungwa, unatafuta mwingine. Mimi nilipomwambia mama yule apumzike, masikioni mwangu mwenyewe nilikuwa nimemkatalia, tena kwa heshima zote. Nilikata simu nikiwa na huzuni ya mtu aliyetoa habari mbaya. Kwenye daftari la simu niliandika: Ameelezwa.

Yule dada wa Bukavu alikuwa na mapumziko siku ile na alikuwa jikoni akichambua sombe, kisamvu cha kwao. Fleti yenyewe ukikohoa chumba hiki unaitikiwa kile, sembuse simu.

“Yule mama,” akaniuliza, “ile *lettre* ataandika?”

“Ameelewa. Atajua la kufanya.”

“Ameelewa nini? Umemuambia alale.”

Nikamwambia ndivyo tunavyosema kwetu, hata kwao ndivyo wanavyosema, asijifanye Mzungu. Hakukasirika. Aliendelea na majani yake.

“Sikia,” akasema. “Ku kazi kuko bibi mumoja. Kila asubui ananiuliza, mutoto wangu atakuya leo? Na *visiteurs* wamekatazwa, unajua. Zamani nilikuwa namuambia, atakuya, bibi, atakuya. Anavaa nguo ya muzuri, anakaa ku dirisha siku yote. Chakula hagusi, anaogopa mutoto atamukuta anakula. Sasa namuambia *non*. Hapana, bibi, leo hakuyi. Analia kidogo, kisha anakula.”

“Huyo wako amepoteza kumbukumbu,” nikamjibu. “Wangu ana akili zake timamu.”

“Njo vile,” akasema. Jibu langu lilinipendeza wakati ule. Leo nikilikumbuka natamani kujizaba kibao.

Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita. Sitasema sikulifikiria. Mara mbili nilichukua simu, nikaiweka chini, nikijiambia kwamba nikimpigia tena nitakuwa namfanya mjinga, kwamba mtu aliyeendesha shamba peke yake miaka yote ile hahitaji karani wa Guildford kumfundisha kuandika barua. Ijumaa saa kumi na moja ilinikuta napika wali. Niliangalia saa ya jiko, nikaona imefika, nikapunguza moto.

Wiki iliyofuata Mheshimiwa aliutangaza msimamo wake kwenye redio ya kule kwao, na Jumanne simu haikuita. Jumatano akapiga Mheshimiwa. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na siku ile sauti ilikuwa chini zaidi.

“Ulimwambia?”

“Nilimwambia unalijua suala lake.”

Nilisikia ng'ombe upande wake.

“Hilo sikukutuma,” akasema.

Akanieleza. Mama yule alikuwa amesikia redio akiwa zizini. Alisubiri nimpigie kumweleza kwamba kuna makosa, maana mimi nilikuwa nimemhakikishia. Jirani yake wa upande wa pili, ambaye banda lake la kukatia manyoya ya kondoo lilikuwa karibu mno na njia ya minara, alikuwa ameandika Alhamisi, ukurasa mmoja tu, na wenye mradi walimsikiliza wakaisogeza laini imwepuke. Waliisogeza kuelekea kwa mama. Sasa ilikuwa inapita karibu na baraza kuliko ramani ya kwanza, na kwa kuwa shamba lake halikuwa na pingamizi lolote, kwenye jedwali lao waliandika kwamba mwenyewe hana tatizo.

Roho iliniuma hata nikashindwa kukaa. Nilimwomba Mheshimiwa aniruhusu nimpigie mwenyewe. Akasema hilo ndilo lililobaki.

Alipokea baada ya mlio wa kwanza. Hakuniita *love*. Nilimweleza kila kitu: kwamba Jumanne ile ukurasa ulikuwa mbele yangu, kwamba niliagizwa nimwambie wazi na sikumwambia, kwamba kwetu mtu mzima hakataliwi usoni, na kwamba nilimwonea huruma kwa sababu ya binti na mbwa na baridi. Niliongea sana. Naye aliniacha niongee mpaka nikaishiwa.

“Nilikuwa na siku tatu,” akasema. “Ningeandika kwa mkono. Ningempa postamasta ainakili, aitume kwa kompyuta. Siku tatu zingenitosha.”

Nikamwambia samahani.

“Wewe ulinihurumia,” akasema, polepole, kama anayetaka kuhakikisha amesikia sawasawa. “Na hiyo huruma yako niifanyie nini, moto ukija?”

Hakusubiri jibu. Alikata.

Niliandika barua kwa wenye mradi, nikakiri kosa ni langu, la ofisi, si la mwenye shamba, nikaomba apewe hata wiki moja. Mheshimiwa aliiweka sahihi yake juu ya yangu. Jibu lilirudi likiwa na maneno laini kabisa: maoni yetu yamezingatiwa. Niliyasoma mara moja tu nikajua maana yake. Kumbe Wazungu nao hutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ila wao hufanya hivyo kwa barua yenye nembo.

Sheria za korona za mashambani zilipolegezwa kidogo, Mheshimiwa alikwenda kwa mama yule mwenyewe. Alinipigia akiwa njiani anarudi, gari likiwa limeegeshwa kandokando ya barabara ya vumbi. Nilikuwa nimebandika maji ya chai, nikaketi nimsikilize.

Walikaa barazani, kila mtu kwenye ncha yake ya benchi, barakoa mfukoni. Alimwambia ana kwa ana kwamba anaiunga mkono laini, na kwamba hata angejua mapema kuwa itasogezwa kwake bado angeiunga mkono, maana eneo zima linaihitaji. Mama akamwambia hatampa kura yake tena hadi anakufa, na kwamba mumewe angemwaibikia. Walibishana saa nzima na zaidi, makaa ya mawe, jua, ndege, gesi ya zamani, yote. Kisha mama akaingia ndani akatoka na birika la chai na keki aliyooka asubuhi kwa kuwa alijua anakuja mgeni. Wakanywa. Akamsindikiza mpaka getini, akamshika mkono, korona au hakuna korona.

Nilifurahi kwa ajili yao, na wivu ukanishika palepale. Yeye alikuwa amemkatalia kila kitu, akanywa chai yake. Mimi sikuwa nimemnyima hata neno zuri moja.

“Alinitaja?” nikauliza.

“Mimi nilikutaja,” akasema. “Nilimwambia wewe ni mfanyakazi mzuri na kwamba umeumia. Akasema ameamini yote mawili. Akaomba usimpigie tena. Jumanne atakuwa akinipigia mimi.”

Halafu nikauliza swali ambalo mtu yeyote wa nyumbani angenijibu kwa upole, angeniambia muda utasema, angeniambia nimwachie Mungu. Nilimuuliza kama anaona siku moja mama yule atanisamehe.

Mheshimiwa alifikiri. Nilisikia lori likipita upande wake, sauti yake ikichukua muda mrefu kuisha.

“Hapana,” akasema. “Sidhani.”

Nilimshukuru, nikakata simu. Nilibaki nimekaa palepale mpaka maji yakakauka kwenye sufuria.